Mwongozo kamili wa kutatua tofauti ya saa unaposajili kompyuta kwenye mfumo wa uthibitishaji wa mtandao

Kompyuta iliyokuwa mbele yangu asubuhi hiyo, katika maabara ya chuo kimoja maeneo ya Mwenge, ilionyesha 11:20 kwenye kona ya skrini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini, na simu yangu vilevile. Hata hivyo, kila nilipojaribu kuisajili kwenye seva ya uthibitishaji ilikataa, ikirudia ujumbe uleule: `Clock skew too great`, yaani saa ya kompyuta na saa ya seva zimeachana kupita kiasi. Nilibadilisha kebo, nikakagua DNS, nikaweka upya nywila ya msimamizi, na adhuhuri ilinikuta bado nimeinama pale pale. Kosa lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: mpangilio wa saa za eneo ulikuwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na mtu aliyenitangulia alipoona saa iko nyuma aliisogeza mbele kwa mkono hadi ikalingana na ya ukutani. Kwa macho ya binadamu kompyuta ilikuwa sawa, lakini kwa hesabu ya seva ilikuwa mbele kwa saa tatu kamili.

Mwongozo huu unahusu mifumo inayotumia Kerberos, itifaki ya kuthibitisha utambulisho mtandaoni. Mifumo hiyo ni FreeIPA kwa upande wa Linux na Active Directory kwa upande wa Windows, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika ofisi nyingi na ndiyo iliyo mikali zaidi kuhusu saa. Ninachosisitiza ni kimoja: usiiguse saa kabla hujapima tofauti, kwa sababu ukubwa wa tofauti hiyo ndio unaokutajia chanzo chake. Fundi anayeanza kwa kurekebisha saa anafuta ushahidi, na baada ya wiki moja ataitwa tena kwa tatizo lilelile.

Kwa nini seva inajali saa

Kerberos ilibuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1980, na toleo lake la tano, linaloelezwa na waraka wa RFC 4120 wa mwaka 2005, ndilo tunalotumia leo. Mtumiaji anapoingia, nywila yake haisafiri mtandaoni. Kompyuta huchukua saa ya wakati huo, huifunga kwa ufunguo uliotokana na nywila, kisha huituma. Seva huifungua na kuilinganisha na saa yake yenyewe, na ikikuta tofauti inayozidi dakika 5 hukataa. Sababu ni ya kiusalama: mtu akinasa pakiti hiyo njiani na kuituma tena baadaye, iwe imekwisha muda wake. Dakika 5, au sekunde 300, ndicho kiwango cha kawaida katika mifumo yote miwili.

Ulinganisho huo hufanywa kwa UTC, wala si kwa saa inayoonekana kwenye skrini. Hapa Dar es Salaam tuko mbele ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima, kwa kuwa hatuna utaratibu wa kusogeza saa kwa msimu. Kwa hiyo kompyuta yenye saa za eneo zisizo sahihi, lakini yenye UTC sahihi, itasajiliwa bila tatizo lolote ingawa itaonyesha saa ya ajabu. Kinachoharibu kazi ni mtu anayeona saa hiyo ya ajabu na kuirekebisha kwa mkono bila kugusa saa za eneo. Makosa mengi niliyokutana nayo yalianzia hapo.

Hatua ya kwanza: hakikisha seva yenyewe iko sahihi

Kabla ya kuilaumu kompyuta ya mtumiaji, ingia kwenye seva. Kwenye FreeIPA toleo la 4.7 na kuendelea, kazi ya saa hufanywa na programu ya chrony:

```
chronyc tracking
chronyc sources -n
```

Katika jibu la kwanza, mstari wa `Leap status` unapaswa kusema `Normal`. Ukisema `Not synchronised`, seva inajiongoza yenyewe na huna haki ya kumwambia mtu yeyote mwingine saa ni ngapi. Katika jibu la pili, tafuta chanzo chenye alama ya `^*` mwanzoni, ambacho ndicho kinachofuatwa. Alama ya `^?` inamaanisha chanzo hakijibu au bado hakijaaminika, na `^x` inamaanisha kimeonekana kinadanganya kikilinganishwa na wenzake. Safu ya `Reach` ikisoma 377, majibu manane ya mwisho yote yamefika, na ikisoma 0, hakuna lililofika.

Kwa Active Directory, anayebeba saa ya kikoa kizima, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja, ni seva yenye jukumu la PDC, ambayo ndiyo kuu kwa mambo ya saa. Itambue kwa `netdom query fsmo`, kisha ndani yake uulize:

```
w32tm /query /source
w32tm /query /status
```

Jibu likiwa `Local CMOS Clock`, seva inafuata saa ya ubao wake tu. Likiwa `VM IC Time Synchronization Provider`, seva hiyo ni mashine pepe inayoendeshwa ndani ya mashine kubwa kwa programu ya Hyper-V, na inafuata saa ya mashine hiyo kubwa; hapo uwe mwangalifu sana. Mashine kubwa ikiwa nayo ni mwanachama wa kikoa hichohicho, itachukua saa kutoka kwa seva iliyo tumboni mwake, na seva nayo itachukua kutoka kwake. Wawili hao watapotea pamoja kwa amani, na hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza hadi siku utakapoleta kompyuta mpya yenye saa sahihi, ambayo ndiyo itakayokataliwa. Zima usawazishaji wa saa wa Hyper-V kwa seva hiyo, kisha uipe vyanzo vya nje:

```
w32tm /config /manualpeerlist:"0.africa.pool.ntp.org,0x8 1.africa.pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update
```

Ukigundua kwamba seva ndiyo iliyopotea kwa muda mrefu, usiirekebishe katikati ya saa za kazi. Kompyuta zote zilizokuwa zikiifuata zitajikuta nje ya dakika 5 kwa wakati mmoja, na simu yako haitapumzika. Subiri jioni watu wakiondoka. Fahamu pia kwamba seva za kikoa za Windows, kwa mpangilio wao wa kawaida, hukataa marekebisho yanayozidi saa 48. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hiyo, iweke karibu kwa mkono kwanza, kisha uache huduma ya saa imalizie.

Hatua ya pili: pima tofauti bila kubadilisha kitu

Hapa ndipo ninapoomba subira yako yote. Tuseme seva yako inaitwa seva1.ofisi.lan. Kwenye Linux, simamisha chronyd, yaani huduma ya chrony, kwa muda, kisha utoe amri hizi kama msimamizi:

```
timedatectl
date -u
chronyd -Q -t 10 'server seva1.ofisi.lan iburst'
```

Chaguo la `-Q`, kwa herufi kubwa, huuliza seva na kutaja tofauti kwa sekunde bila kusogeza saa. Kwenye Windows, inayofanya kazi hiyo ni:

```
w32tm /stripchart /computer:seva1.ofisi.lan /samples:5 /dataonly
```

Andika namba uliyopata kwenye karatasi, pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa, kisha utazame na tarehe, si saa peke yake.

Tofauti ya saa tatu kamili, yaani sekunde 10,800 hivi, ni kisa nilichoanza nacho: saa za eneo ni UTC, lakini saa imewekwa kwa mkono ifuate ya ukutani. Namba hiyohiyo hutokea pia kwenye kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja, kwa sababu Windows huandika saa ya mahali kwenye ubao wa kompyuta, ilhali Linux huandika UTC. Kila mfumo unapowaka baada ya mwenzake husoma saa ya mwenzake kama yake. Tiba ni kuifanya Windows ifuate UTC kwa thamani ya `RealTimeIsUniversal` kwenye rejista. Kuilazimisha Linux ifuate saa ya mahali hakufai, na `timedatectl` yenyewe itakuonya ukijaribu.

Tofauti ya saa kumi au kumi na moja mbele hutoka kwenye Windows iliyosakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani na kuachwa kwenye majira ya pwani ya magharibi ya nchi hiyo, kisha ikarekebishwa kwa mkono. Zinakuwa kumi na moja wakati wao wakiwa katika majira ya kawaida, na kumi wakiwa wamesogeza saa kwa ajili ya kiangazi. Kompyuta za mtumba kutoka Uingereza, ambazo ni nyingi katika maduka ya Kariakoo, hutoa saa tatu au mbili kwa sababu hiyohiyo.

Tofauti ya saa sita nyuma ina historia yetu wenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mtu aliyeombwa aweke saa, naye akajua kwamba ni saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, huandika 2:14 mahali palipotakiwa kuandikwa 8:14. Nimeona jambo hili kwa karani makini kabisa aliyekuwa na saa ya mkononi iliyo sahihi kwa sekunde, na sikuona sababu ya kumlaumu, kwa kuwa aliandika saa kama alivyoisoma maisha yake yote. Saa saba mchana huwa 7:00 badala ya 13:00, na saa kumi jioni huwa 10:00 badala ya 16:00, zote zikiwa na upungufu wa saa sita zilezile. Likifanyika usiku kwenye mfumo wa saa 24, ambapo saa mbili usiku huandikwa 2:00 badala ya 20:00, upungufu unafika saa 18. Unapotoa maelekezo kwa simu, taja tarakimu zinazopaswa kuonekana kwenye skrini, moja baada ya nyingine.

Saa kumi na mbili kamili ni mkanganyiko wa AM na PM. Tofauti ya miezi kadhaa, huku saa na dakika zikiwa sahihi, mara nyingi ni mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, ambapo tarehe 3 Julai imesomwa kuwa 7 Machi. Kosa hili hukwepa macho kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna anayetazama tarehe wakati anatafuta kosa la saa.

Tofauti ya miaka ni betri. Ubao mkuu wa kompyuta una kibetri cha mviringo cha aina ya CR2032 chenye volti 3, ambacho hutunza saa umeme unapokuwa haupo. Kompyuta iliyounganishwa kwenye soketi, hata ikiwa imezimwa, hutunza saa yake kwa umeme wa ukutani. Lakini katika ofisi nyingi za hapa mlinzi huzima soketi zote jioni kwa kuhofia umeme kurudi kwa nguvu baada ya kukatika, na utaratibu huo, ambao una busara yake, humwachia kibetri mzigo wote wa usiku na wa mwisho wa juma. Pima kwa mita: kipya husoma juu kidogo ya volti 3, na kilichoshuka chini ya hapo waziwazi kitupwe. Ukiwa na kundi la kompyuta za mtumba za umri mmoja, nunua betri za zote na uzibadilishe kwa siku moja.

Hubaki tofauti ndogo ya dakika sita, nane, au kumi na mbili. Huo ni mtelezo wa kawaida wa saa isiyosawazishwa. Saa ya kompyuta inayokosea kwa sehemu 50 katika milioni hupoteza au huongeza takribani sekunde 4.3 kwa siku, na kwa mwendo huo dakika 5 hufika baada ya siku 70 hivi. Ndiyo maana kompyuta iliyosajiliwa vizuri bila huduma ya saa hufanya kazi zaidi ya miezi miwili, kisha asubuhi moja humkataa mwenyewe, na kila mtu huapa kwamba hakuna aliyeigusa. Wanasema kweli.

Hatua ya tatu: kagua njia ya saa

Ikiwa vipimo vya hapo juu havikuleta namba yoyote, tatizo si saa bali ni njia. Itifaki ya NTP, inayosafirisha saa mtandaoni, hupita kwenye UDP, poti 123. Kwenye Windows, kukosa jibu huonekana kama kosa `0x800705B4`, maana yake muda wa kusubiri umekwisha. Kwenye seva ya Linux, sikiliza huku kompyuta ikiuliza:

```
tcpdump -n -i any udp port 123
```

Usipoona chochote, maombi yanazuiwa kabla hayajafika, na mara nyingi ni ruta au swichi inayotenganisha idara. Ukiona maombi yanaingia lakini hakuna majibu yanayotoka, kosa ni la seva: ama faiwoli haijafunguliwa, ama chrony haijaruhusiwa kuhudumia wengine. Kwenye familia ya Red Hat, fungua hivi:

```
firewall-cmd --permanent --add-service=ntp
firewall-cmd --reload
```

Kisha, kwenye `/etc/chrony.conf`, ongeza mstari wa `allow` wenye anwani za mtandao wako, kwa mfano `allow 192.168.10.0/24`, na uanzishe upya chronyd. Ofisi inayotegemea modemu ya simu, ambayo bando lake huisha bila taarifa, iongeze pia `local stratum 10`, ili seva iendelee kuhudumia saa hata intaneti inapokatika. Kerberos inahitaji makubaliano kati ya kompyuta na seva, na makubaliano hayo yanaweza kudumu kwa saa au siku kadhaa bila intaneti. Vyeti vya usalama, kwa upande mwingine, vinahitaji ukweli: kompyuta iliyo mwaka 2015 itakikataa cheti cha seva kwa madai kwamba bado hakijaanza kutumika, na usajili utakwama hata kabla Kerberos haijaulizwa.

Hatua ya nne: rekebisha kwa mpangilio, kisha usajili

Saa za eneo hutangulia, saa hufuata. Ukigeuza mpangilio huo, unarudi kwenye kosa lilelile la Mwenge. Kwenye Linux:

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
timedatectl set-local-rtc 0
chronyd -q 'server seva1.ofisi.lan iburst'
hwclock --systohc
```

Safari hii `-q` ni ya herufi ndogo, na inasogeza saa kweli. Sababu ya kutoiachia huduma yenyewe ni kwamba chrony, kwa mpangilio unaokuja na mifumo mingi, huruka moja kwa moja katika masahihisho matatu ya kwanza tu baada ya kuanza. Baada ya hapo husogeza polepole, kiasi cha sekunde 1 kwa kila sekunde 12, kwa hiyo tofauti ya saa moja ingechukua nusu siku. Programu ya zamani ya ntpd ni kali zaidi: ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hujizima, na wewe hudhani inaendelea na kazi. Amri ya mwisho huandika saa sahihi kwenye ubao, ili isipotee kompyuta ikizimwa.

Kwenye Windows ambayo bado haijaingia kwenye kikoa:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /config /manualpeerlist:seva1.ofisi.lan /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync
```

Ikijibu kwamba mabadiliko yanayohitajika ni makubwa mno, weka tarehe na saa kwa mkono hadi zikaribiane, kisha urudie `/resync`.

Rudia kipimo cha hatua ya pili. Tofauti ikiwa chini ya sekunde moja, sajili:

```
ipa-client-install --ntp-server=seva1.ofisi.lan
```

Soma kinachoandikwa kwenye skrini, kwa sababu programu hii ina tabia moja inayowaponza wengi: isipofanikiwa kusawazisha saa, husema kwamba inachukulia saa ziko sawa, kwa maneno `assuming the time is in sync`, kisha huendelea. Usajili hufeli hatua kadhaa mbele kwa kosa la Kerberos, na msomaji wa haraka hutazama mstari wa mwisho peke yake. Fungua `/var/log/ipaclient-install.log` na utafute maneno hayo kuanzia juu.

Usajili uliokatika katikati huacha masalia. Safisha kwa `ipa-client-install --uninstall`, na ikiwa jina la kompyuta limebaki kwenye seva, futa kwa `ipa host-del` au urudie usajili kwa `--force-join`. Usijaribu mara ya tatu na ya nne juu ya masalia ya mara ya kwanza, kwa sababu utakuwa unatafuta makosa mapya uliyoyatengeneza mwenyewe.

Wapo wanaoshauri kuongeza kiwango cha dakika 5 kwenye seva hadi saa nzima ili mambo yapite. Sikubaliani nao kabisa. Unampa mwenye nia mbaya muda mara kumi na mbili zaidi wa kutumia pakiti aliyoinasa, na betri iliyokufa inabaki imekufa.

Hatua ya tano: hakikisha kesho itabaki hivyo

Kufaulu kwa `kinit`, amri ya kuomba tiketi ya Kerberos, yaani kibali cha kuingia, si ushahidi wa kutosha. Maktaba ya Kerberos ya MIT ina chaguo la `kdc_timesync`, linalowashwa tangu mwanzo, ambalo huikadiria tofauti na kuifidia kimyakimya ndani ya maktaba hiyo pekee bila kugusa saa ya kompyuta. Unaweza kupata tiketi leo huku saa ikiwa imepotea, na programu nyingine zikakataa. Ushahidi halisi uko kwenye huduma ya saa:

```
systemctl enable --now chronyd
chronyc sources -n
```

Tafuta `^*` mbele ya seva yako. Kwenye Windows, ondoa chanzo ulichoweka kwa mkono ili kompyuta ifuate kikoa, kisha uulize:

```
w32tm /config /syncfromflags:domhier /update
w32tm /resync /rediscover
w32tm /query /source
```

Jibu linapaswa kuwa jina la seva ya kikoa, wala si `Local CMOS Clock`.

Mwisho, zima kompyuta jioni, chomoa waya wa umeme kwenye soketi na uiache hivyo usiku kucha. Asubuhi iwashe ukiwa umeshika kitufe cha kuingilia BIOS, na usome tarehe na saa kabla mfumo haujaamka na kujisahihisha mtandaoni. Kwa mpangilio wetu, ambapo ubao hutunza UTC, kompyuta ya Linux isome saa tatu nyuma ya saa ya ukutani: saa mbili asubuhi ya hapa ionekane kama 05:00. Ya Windows, isipokuwa ile uliyoiwekea `RealTimeIsUniversal`, isome 08:00. Ikisoma mwaka mwingine, kibetri kibadilishwe siku hiyohiyo.